Mlango Ambao Hakuna Aliyeujenga

Dawa ya mafua ndiyo iliyoifanya zahanati ile ionekane kama inaelea. Shangazi alikuwa amemeza vidonge asubuhi na tumbo tupu, na sasa mchana ulikuwa umemlainikia pande zote. Feni za darini zilizunguka kivivu kama zinakoroga uji. Pazia jeupe la chumba cha chanjo lilivuta pumzi na kuitoa. Watoto wachanga walilia kwa zamu mapajani mwa mama zao, huyu akinyamaza ndipo yule anapopokea, utadhani kwaya iliyofundishwa.

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Jina hilo alipewa kituoni, kwa kuwa alikuwa mpelelezi wa namna yake: mtuhumiwa akiletwa mbele yake, swali la kwanza lilikuwa kama amekula. Wezi wenyewe walimwita hivyo. Wengine walikiri kwa aibu tu.

"Gari lako liko nje?" aliuliza Daktari Mkuu.

"Liko."

"Basi sielewi tunasubiri nini." Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. "Wenye neno la siri la mfumo ni wawili, mimi na yeye. Mimi hata kuwasha kompyuta namwita yeye. Sasa toa mimi, amebaki nani?"

Mfumo wenyewe ulikuwa tovuti ya zahanati, iliyoandikisha kila mtoto aliyezaliwa pale, uzito wake na sindano alizochomwa, na kumtumia mama yake ujumbe kwenye simu siku yake ya kliniki ikikaribia. Watoto waligawanywa kwa makundi yenye majina ya maua. Juzi mchana, Kundi la Waridi lote lilitoweka. Asumini lilikuwepo, Alizeti lilikuwepo, Waridi hakuna, kama shuka lililoanuliwa kwenye kamba. Na pale ambapo mfumo huandika jina la aliyefanya jambo, palikuwa patupu.

"Mtu wa kawaida angeacha jina," Daktari Mkuu alisema. "Asiyeacha jina ni yule anayejua pa kulifutia."

"Mna ugomvi naye?"

"Aliomba likizo. Mtoto wake anaumwaumwa. Nikamwambia asubiri kwanza, akanuna."

"Na mtu akinuna anafuta watoto wa watu?"

"Mimi ni daktari, Shangazi. Nikiona upele sisubiri unitajie jina lake." Alitazama mlango, kisha saa ya ukutani. "Ofisi ikifungwa hujamchukua, nitawaita wenzako wenye haraka zaidi."

Shangazi alipenga kamasi taratibu, akakunja leso, akatoka.

Mtuhumiwa alikuwa kwenye benchi nje ya chumba chake mwenyewe, kwa sababu ufunguo alikuwa amenyang'anywa. Zahanati nzima ilimwita Fundi. Yeye ndiye aliyeujenga mfumo ule, peke yake. Alikuwa binti mwembamba mwenye kompyuta ndogo ya kukunja mapajani, na nyumbani kwa mama mkwe alikuwa na mtoto wa miezi michache ambaye chupa alikuwa akiitema.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, Shangazi. Ila hakikushuka."

"Juzi mchana ulikuwa wapi?"

"Humu chumbani. Nafanya kazi."

"Mfagizi anasema alikuja kupiga deki, hakukuta mtu. Alinyanyua hata kiti chako akakigeuza juu ya meza."

Nyuma ya pazia mtoto mmoja alianza kulia, kilio chembamba cha njaa, na Shangazi akaona blauzi ya yule binti ikilowa kifuani pande zote mbili, polepole, kama wino kwenye karatasi. Fundi aliinua kompyuta akajikinga nayo.

"Nilikuwa stoo ya mashuka," alisema. "Nakamua maziwa. Hakuna pengine pa kujifungia. Nisipokamua yanavimba mpaka nashindwa kuinua mkono. Nikamaliza, nikaegemea mashuka, usingizi ukanichukua."

"Ungesema hivyo tangu jana."

"Mbele ya Daktari Mkuu? Nimwambie nilikuwa nimelala kazini, kifua wazi, juu ya mashuka ya wagonjwa?"

Shangazi alivua mtandio wake akamfunika mabegani. Kisha alikwenda stoo. Ndani mlikuwa na joto la pasi na harufu ya sabuni, marundo ya mashuka meupe yamepangwa hadi juu, na kwa muda kidogo akatamani na yeye alale pale, mafua yake yote na kesi zake zote. Aliingiza mkono kati ya rundo na rundo. Kule nyuma kabisa vidole vyake viligusa chupa. Maziwa yalikuwa yameganda na kuchacha. Juzi, alijisemea. Hayakukamuliwa jana.

Lakini alijua chupa haimwokoi mtu. Binti mwenye simu mfukoni anaweza kufuta dunia akiwa juu ya mashuka.

*

Aliyefuata alikuwa Sista wa chanjo, ambaye wafanyakazi wawili tofauti walimnong'onezea Shangazi habari zake. Sista na Fundi walikuwa hawasalimiani. Tangu kadi za karatasi ziondolewe, alitembea ndani ya zahanati kama mtu aliyeibiwa.

"Ni kweli ulisema utaiua kompyuta?"

"Nilisema ningejua kichwa chake kiko wapi ningekipiga rungu." Sista aliendelea kuchambua pamba. "Zamani nilimjua mtoto kwa sura ya mama yake. Siku hizi namjua kwa mlio wa simu. Niandikie hilo, usisahau."

Shangazi alimpa simu yake. "Hebu nisaidie kitu kidogo. Hapo pana picha ya mbuzi. Nifutie."

Sista aliishika simu kwa ncha za vidole kama anashika kipimajoto kilichopasuka. Alibonyeza. Akabonyeza tena kwa hasira. Simu ikaanza kuita, na sauti nzito ya mkuu wa kituo ikajaa chumbani: "Haloo? Shangazi? Umemkamata?"

"Huyu mbuzi anaongea," alisema Sista, akairudisha.

Shangazi alikata simu, akamfuta Sista kichwani mwake badala ya mbuzi. Mwenye kumchukia nyoka si lazima ajue kumkamata. Ila kuna kitu cha yule mama kilimkaa: mwanzoni, Shangazi alipotaja Kundi la Waridi, mkono wa Sista ulikuwa umesimama juu ya pamba. Kidogo tu, halafu ukaendelea.

*

Jua lilikuwa limefika kwenye vioo vya korido na kila kitu kilikuwa rangi ya asali aliporudi benchini.

"Nionyeshe unavyojenga," alimwambia Fundi. "Usinieleze. Nionyeshe."

"Mfumo wa zahanati siwezi kuufungua, Daktari Mkuu amenikataza."

"Nijengee mwingine. Wa uongo."

Fundi alimtazama kuona kama anataniwa. Kisha akafunua kompyuta. "Taja kitu. Kitu ambacho ungependa ukikumbuke vizuri."

Shangazi alitazama mkononi. "Leso."

"Leso ina nini na nini?"

"Ina rangi. Na ina mwenyewe."

Fundi aliandika mstari mmoja. Mmoja tu: leso, rangi, mwenyewe. Akabonyeza. Na kwenye kioo cheusi maandishi yakaanza kushuka yenyewe, mstari juu ya mstari, kijani, mfululizo, kama mvua inayoonekana kwa mbali ikija upande wako. Vidole vya Fundi vilikuwa vimetulia mapajani.

"Nani anaandika?"

"Hakuna mtu. Ni zana ninayojengea ndiyo inayoandika. Sisi tunaita skafoldi, kama zile mbao na nguzo wanazosimamisha wajenzi nje ya ghorofa. Unaitajia kitu na sifa zake, yenyewe inakusimamishia vyote vinavyohitajika. Kabati la kuhifadhia. Ukurasa wa orodha. Ukurasa wa kuangalia kimoja kimoja. Fomu ya kuongeza, fomu ya kurekebisha. Ukitaka kuandika haya yote kwa mkono utakesha nayo."

Mvua ilikatika. Fundi alifungua ukurasa, akaongeza leso moja: nyekundu, ya Shangazi. Ikatokea hapo, safi, kama imekuwepo siku zote. Kando yake palikuwa na maneno madogo: Ona. Rekebisha. Futa. Na chini kabisa ya ukurasa, kwa rangi ya kijivu: Rudi.

Shangazi aliona nyumba. Ndivyo kichwa chake kilichojaa dawa kilivyomletea: nyumba inayotoka kwenye ukungu ikiwa imekamilika, vyumba vitupu, madirisha wazi, na ukipita kwenye ukumbi wake unaona milango ambayo hukumbuki kuiagiza, yote imerudishiwa tu.

"Hilo neno Futa umeliandika saa ngapi?"

"Sijaliandika. Limekuja nalo."

"Hata kama mimi sitaki leso yangu ifutwe?"

"Haijui unataka nini, Shangazi. Inajua tu watu wengi huwa wanataka nini."

"Na anayefuta, anaulizwa yeye ni nani?"

"Haulizwi. Skafoldi haiji na mlinzi. Mlinzi unamweka mwenyewe baadaye. Ni kitu cha kuanzia tu, unatakiwa uivunje kidogo kidogo huku unaweka vya kwako, mpaka siku moja mbao zote zimeondoka na nyumba imebaki."

"Wewe uliivunja?"

"Nilianza. Kwenye ukurasa wa mtoto niliondoa neno Futa, ili mama asije akaligusa kwa bahati mbaya. Nikaomba muda wa kumalizia. Daktari Mkuu akasema kama inafanya kazi iachwe hivyohivyo, wageni wanakuja kuiona." Alisugua paji la uso. "Halafu nikajifungua."

"Uliondoa neno," alisema Shangazi taratibu. "Na mlango je?"

Fundi alishusha mkono kutoka usoni.

"Ulisimamisha skafoldi ngapi, mwanangu?"

"Ya watoto. Na ya makundi, ya haya maua."

"Ya makundi umeigusa?"

"Haikuwa na haja. Hakuna anayefika kule. Ni ya ndani kabisa, hakuna njia ya mtu kutoka kwenye..." Sentensi ilimfia mdomoni. Macho yake yalikuwa yameshuka chini ya ukurasa wa leso, kwenye lile neno la kijivu.

"Na kundi likifutwa, watoto wake wanakwenda wapi?"

"Wanaondoka nalo." Sauti ilikuwa ndogo sana sasa. "Hilo nililiagiza mimi mwenyewe. Sikutaka kundi liondoke wao wabaki wanaranda humo ndani, hawana kwao."

*

Benchi la kusubiri lilikuwa limejaa. Sindano zilikuwa hazitolewi, maana Sista hangeweza kukisia mtoto gani wa Waridi amechomwa nini, na foleni yote ilikuwa imekwama nyuma ya swali hilo. Shangazi aliketi kando ya mama mmoja kijana aliyekuwa akimbembeleza mtoto kwa goti.

"Mwanangu, niazime simu yako. Nataka niuone ule ujumbe wa kliniki wanaotuma."

"Huo hapo juu, mama. Usinimalizie chaji tu."

Ujumbe ulisema: Kundi la Asumini. Siku ya mtoto wako imefika. Gusa hapa. Shangazi aligusa. Ukafunguka ukurasa wa mtoto, jina lake, uzito wake, sindano zake. Neno Futa halikuwepo. Fundi alikuwa amesema kweli. Alishusha ukurasa kwa kidole gumba, taratibu, akapita mahali ambapo mtu yeyote mwenye kazi zake angeishia, akafika chini kabisa. Kijivu. Rudi.

Aligusa.

Yakatokea maua. Alizeti. Asumini. Mengine yakifuatana kwenye weupe wa kioo kama bustani iliyolala, na kando ya kila ua, bila kificho, kama mlango wa uani uliosahaulika: Ona. Rekebisha. Futa. Hakuna aliyemwuliza yeye ni nani. Kidole chake kilikuwa juu ya watoto wa watu wote waliokaa kwenye benchi lile.

"Mbona umebana pumzi, mama?" aliuliza yule kijana.

"Mafua," alisema Shangazi, akamrudishia simu kwa mikono miwili, kama kikombe kilichojaa hadi ukingoni.

Alimkuta Daktari Mkuu akitazama tena saa. Hakumweleza kitu. Alimwambia atoe simu yake, afungue ujumbe wowote wa kliniki aliowahi kutumiwa wakati wa kuujaribu mfumo, ashuke chini, aguse Rudi. Daktari Mkuu alifanya hivyo huku akipumua kama mtu anayepotezewa muda. Kisha pumzi ikabadilika.

"Sasa gusa Futa," alisema Shangazi.

"Siwezi."

"Kwa nini? Neno la siri hujaombwa."

Daktari Mkuu aliiweka simu mezani, kioo chini, akasogeza na kiti nyuma. Makali ya shati lake yalionekana kulegea. Alisema, "Basi anaweza kuwa mtu yeyote. Na yeye akiwemo."

"Yeye anazo njia mia za kufuta, lakini zote huanza na neno la siri, na neno la siri huacha jina. Aliyefuta alipita mlango wa mbele kama mgeni, hakuulizwa jina, ndiyo maana pako patupu, na alichagua ua moja. Nikijua kwa nini Waridi, nitamjua. Mrudishie ufunguo wake, Daktari. Afunge huo mlango kabla kidole kingine hakijafika."

Alimrudishia. Hakusema pole, ila alimrudishia kwa mkono wake mwenyewe.

*

"Sista," alisema Shangazi, akiufunga mlango wa chumba cha chanjo. "Nilipotaja Waridi mkono wako ulisimama. Kwenye Waridi kuna mama ambaye ameacha kuja."

Pamba ilitulia mezani.

"Hakuacha," alisema Sista. "Hana wa kumleta."

Feni ilizunguka. Nje mtoto alicheka, kitu ambacho pale kilikuwa nadra.

"Kilikuwa kifua," Sista aliendelea. "Hakikukaa hata wiki. Mimi nilimpokea yule mtoto alipozaliwa, na mimi nilimfunika. Halafu hii mashine ikaendelea kumwita. Baba yake alikuja hapa dirishani, akaniomba ujumbe usimamishwe. Nikamwambia mfumo hauna hiyo. Akarudi tena. Nikamjibu vilevile."

"Hukumwambia Fundi?"

Sista alichukua pamba, akairudisha. "Nilikuwa nimemnunia Fundi," alisema.

*

Baba huyo alikuwa mchora mabango. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, harufu ya tapentaini na rangi mbichi ikikaribisha mtu kuanzia barabarani, na ndani ya kichwa cha Shangazi kilichoziba harufu hiyo ilifungua njia kama upepo. Alikuwa ameinamia ubao wa duka fulani, akijaza herufi K kwa brashi nyembamba. Hakuinuka mpaka alipoufikisha mkono wa herufi mwisho.

"Umekula, baba?"

Alimtazama, akatazama viatu vyake vya kazi. "Wewe ni askari."

"Ni askari. Lakini swali ni lilelile."

"Nimekula." Alifuta brashi kwa kitambaa. "Umekuja kwa ajili ya ile tovuti."

"Niambie tu ilivyokuwa."

Alitazama pazia lililotenga chumba cha nyuma, akateremsha sauti. "Simu ni ya mke wangu. Ujumbe ukiingia, anainuka. Hata kama amelala, anainuka, anatafuta shali ya mtoto. Anafika katikati ya chumba ndipo anakumbuka. Kila mara anakumbuka upya, mama. Nikaona hapana. Juzi nikamwambia naipeleka simu ikachajiwe, nikakaa nayo hapa. Nikafungua ule ujumbe. Nikakuta jina lake, na uzito wake, kila kitu. Nikashuka chini nikaona Rudi, nikagusa. Nikakuta maua."

"Ukafuta Waridi."

"Kila ujumbe unaanza na Kundi la Waridi. Nikasema basi huyu ndiye anayeniandikia, nikimfunga huyu watanyamaza. Jina la mtoto sikuligusa. Hata kama wangeweka Futa pale kwenye jina lake nisingeweza." Brashi ilikuwa safi sasa lakini aliendelea kuifuta. "Ikaniuliza: Una uhakika? Nikakaa nayo hapo. Tangu tumzike hakuna mtu aliyeniuliza kitu taratibu namna ile. Nikasema ndiyo."

Shangazi aliketi juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa. "Humo kwenye Waridi walikuwemo watoto wa wenzako, baba. Waliondoka wote."

Uso wa yule mtu ulipauka kama ubao ambao haujapakwa. "Wameumia?"

"Hawajaumia. Wanasubiri sindano. Na binti aliyeutengeneza mfumo alikuwa apelekwe rumande badala yako, naye ananyonyesha."

"Nichukue," alisema, akiweka brashi chini. "Nichukue mimi sasa hivi, ila tutokee mlango huu, asituone."

"Kaa." Alipenga kamasi. Alihitaji muda, na leso ilimpa. "Sheria inamtafuta aliyevunja mlango. Wewe hukuvunja. Uliuona uko wazi, ukaulizwa swali, ukajibu kweli. Waliouacha wazi nitawaandika, na hawatafurahi. Ipo nakala ya akiba, ilikuwa imefungiwa chumbani kwa yule binti, watoto watarudishwa leo."

Mchora mabango alitazama ile K yake. "Na wangu atarudi nao?"

Shangazi hakuweza kujua kama ni hofu au ni kuomba. "Unataka arudi?"

"Nataka awepo," alisema. "Jina lake, na uzito wake. Lakini asiitwe tena."

*

Watoto wa Waridi walirudi kabla jua halijaondoka kwenye vioo. Fundi alikuwa amefunga mlango kwanza, akafungua nakala ya akiba, na majina yakaanza kujipanga kwenye kioo mmoja mmoja, kama watu wanaoingia ukumbini kimya kimya wakitafuta viti vyao. Sista alisimama nyuma yake, mikono kifuani, akiyasoma kwa midomo. Lilipofika jina moja midomo ilisimama.

"Ni huyu," alisema.

Shangazi alikuwa ameshawaeleza aliyoombwa. Fundi alilitazama lile jina. Orodha ya mambo ambayo mfumo uliweza kumfanyia mtoto ilikuwa kando yake: kumwona, kumrekebisha. Kwingine, kwenye kundi lake, kumfuta.

"Skafoldi haina kitu cha mtoto kama huyu?" aliuliza Shangazi.

"Haina." Fundi alijipangusa jicho kwa ukingo wa ule mtandio. "Watu wengi huwa hawakihitaji."

"Basi?"

"Basi naandika kwa mkono."

Akaandika. Safari hii hapakuwa na mvua. Herufi zilikuja moja moja, akafuta mstari, akaandika mwingine, akasoma, akamwuliza Sista neno la kutumia, Sista akafikiri, akasema, "Weka: amepumzika." Fundi akaweka. Akaandika kwamba aliyepumzika asitumiwe ujumbe, na jina lake libaki mahali pake, katikati ya wenzake waliozaliwa naye. Halafu, akiwa amepata moto, akaanza kuivunja ile skafoldi ya makundi, mlango kwa mlango.

"Hiyo kesho," Daktari Mkuu alisema kutoka mlangoni. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. "Umeshafunga, si ndiyo? Nenda nyumbani kwa mtoto. Na ule muda ulioomba, uandike utakavyo."

Fundi alipokuwa akikusanya vitu, Sista alimwekea ufunguo juu ya kompyuta. "Ni wa chumba changu cha kubadilishia nguo," alisema akitazama pembeni. "Kina kiti. Kule stoo kuna mende."

*

Asubuhi ya siku ya kliniki iliyofuata, saa ambayo ujumbe hutumwa, Shangazi alikuwa kwenye karakana ya mabango. Alikuja na maelezo ya kutiwa sahihi, au ndivyo alivyosema. Mafua yalikuwa bado yamemng'ang'ania. Pazia la nyuma lilikuwa limefunguliwa, na mke wa mchora mabango alikuwa amekaa dirishani kwenye mwanga, akishona pindo la nguo. Simu yake ilikuwa kando yake juu ya shali ndogo iliyokunjwa.

Mume alishika kalamu, hakutia sahihi. Wote wawili waliitazama simu wakijifanya hawaitazami.

Kutoka nyumba ya jirani kulisikika mlio, mfupi, mtamu, na sauti ya mwanamke ikimwambia mtu amfungie mtoto viatu. Mke aliinua kichwa. Mkono wake uliacha sindano, ukateremka hadi kwenye shali, ukatulia juu yake.

Simu ilikaa kimya. Vumbi la mwanga liliogelea dirishani. Shangazi alikuwa na chafya tangu alipoingia, na aliibana kwa leso, kwa meno, kwa macho, asije akawa yeye wa kuuvunja ukimya ule. Mkono wa yule mama ukakaa pale juu ya shali kitambo kirefu. Kisha ukarudi kwenye sindano, na sindano ikaingia kwenye pindo.

Hapo ndipo chafya iliposhinda. Brashi zililia ndani ya kopo.

Mke aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza Shangazi kuyaona macho yake, na yalikuwa mekundu lakini yalikuwa yakimtazama yeye, mtu aliye mbele yake.

"Pole na mafua, mama," alisema. "Umekula?"